Kisanduku cha Fundi na Kanda Iliyokwaruza

Nianze kwa kukiri ujinga wangu, maana wasomaji wangu mmeshauzoea na msipoukuta mwanzoni mtautafuta hadi mwisho. Mwaka juzi nilikata plagi ya hedifoni kwa kisu cha jikoni. Niliikata kwa sababu ilikuwa na pini tano, na simu yangu ina tundu moja. Nikachukua waya wa hedifoni nyingine iliyokwisha kufa, nikaunga, nikazungushia utepe mweusi, nikavaa, nikabonyeza muziki, nikangoja kama mtu anayengoja jibu la posa. Kimya. Kosa hilo ndilo lililonipeleka kwa fundi redio mmoja wa hapa Sekei, na fundi huyo ndiye tuliyemzika wiki iliyopita. Habari nililetewa na jirani yangu, mama mfuga kuku, kwa mtindo wake wa kutopoteza maneno. Alichungulia juu ya ua akaniambia, "Jirani, yule fundi wako wa mkono mfukoni amefariki. Vaa viatu." Liko kosa la pili nililomtendea marehemu, na hilo halichekeshi. Nitalifikia, msinisukume.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni ya kutoka kitini hadi getini, na nikifika getini napumzika. Siku ile mke wangu alikuwa amenituma Ngaramtoni sokoni kununua maharage, akiamini kwamba hata mimi siwezi kukosea maharage. Pembeni ya soko palikuwa na mtu amemwaga turubai la vitu vilivyotumika Ulaya: pasi, saa za ukutani, viatu vya kuteleza kwenye barafu ambavyo sijui alitegemea Mmeru gani avinunue. Katikati ya rundo nikaona hedifoni kubwa, za mraba, nyepesi ajabu, zina matundu madogo madogo kama chujio la chai. Nikazinunua. Maharage nilileta nusu ya niliyoagizwa, na hilo nalo ni kosa, ila mke wangu ameshaniadhibu, kwa hiyo silihesabu.

Fundi alikuwa na benchi lake kwenye kibaraza cha duka la mbao. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye koti la kijivu, na kila nilipopita nilimwona akifanya kazi kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto uko mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshamtafsiri: huyu ni mvivu mwenye maringo. Nilipomkabidhi hedifoni akazigeuza, akaona utepe wangu mweusi. Halafu akaniuliza taratibu, kama daktari anayemuuliza mama wa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, "Plagi yake iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Umeitupa wapi?"

"Jalalani."

"Jalala la mji au la nyumbani?"

"La nyumbani."

"Basi nenda kaitafute, mwandishi. Nitakungoja. Nimengoja mengi, na hili nitalingoja."

Shimo la taka kwetu tunachangia na jirani. Nikainama humo na jembe, nachambua maganda ya ndizi na majivu, mpaka kivuli chake kikaniangukia. "Jirani," akasema, "umeangusha meno?" Nikamwambia natafuta plagi. "Umeikata mwenyewe, umeitupa mwenyewe, sasa unaitafuta mwenyewe," akasema. "Kweli kazi ya kuandika inachosha akili." Lakini ni yeye aliyeiona, chini ya manyoya ya kuku wake.

Nilipoirudisha, fundi akaisafisha kwa brashi ya mswaki, akanieleza nilichokinunua. Nitajitahidi kueleza alivyoeleza, na palipo na makosa muyaweke kwangu. Nilisoma sekondari tu, na fizikia niliisoma nikiwa dirishani. Hedifoni za kawaida, alisema, zina sumaku na koili, kama spika ndogo. Hizi hazina sumaku. Ndani mna utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, umening'inizwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando unapewa umeme mwingi wa volti mamia, nao unatulia pale, hauendi popote. Ndiyo kazi ya pini ya tano: haina muziki, ina umeme uliotuama tu. Muziki unaingia kwenye mabamba. Moja likivuta, lingine linasukuma, na utando unayumba katikati yao. Kwa kuwa ni mwepesi hivyo, hauna uvivu wa kuanza wala wa kusimama. Mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba, utamsikia. "Lakini simu yako," akasema, "itausukuma utando huu kama wewe utakavyosukuma lori. Unahitaji amplifaya ya kwake peke yake. Hapa mjini haipo. Itabidi itengenezwe."

Nikamuuliza kwa utani kama ataitengeneza kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiendelea kulinda sarafu. Hakukasirika. "Umeme mkali ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule," akasema, "njiani unapita moyoni. Mkono ukiwa mfukoni, moyo unabaki pembeni. Aliyenifundisha kazi alinipiga kofi mara tatu kwa hilo, na mpaka leo namshukuru." Miaka mingapi nimekuwa nikimcheka mtu kwa kulinda moyo wake.

Sasa mnafahamu kwamba kila fundi redio ana wimbo wake wa kupimia. Redio ikishapona, fundi hasikilizi stesheni. Anaweka wimbo anaoujua kila kona, na hapo ndipo anajua kama chombo kimepona kweli. Wa kwake ulikuwa wimbo wa mavuno wa kwaya ya usharika wa kwao, kule juu ya Maji ya Chai. Alipima nao kila redio, na watu wa Sekei tuliuzoea kama tulivyozoea vumbi. Wimbo wenyewe mzuri, lakini nyuma yake kulikuwa na mkwaruzo: kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anayefagia changarawe. Siku moja nikamuuliza kwa nini asitafute kanda nzima. Akaweka kifaa cha kulehemu chini.

"Hii nilirekodi mimi," akasema.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akiwa fundi wa usharika, aliirekodi kwaya kanisani kwa kipaza sauti kimoja na mashine ya betri. Kanda ilikuwa iende redioni, na kwaya nzima ilikuwa imeshashona sare. Redioni wakairudisha: ina mkwaruzo. Mwalimu wa kwaya, mtu mwenye sikio linaloheshimiwa mlima mzima, akasimama Jumapili mbele ya washarika akatamka kwamba fundi ametuharibia kazi ya Mungu kwa mashine yake mbovu. Basi. Fundi hakuitwa tena kushika kipaza sauti kanisani. Watu wakileta redio walikuwa wanauliza kwanza, "Ndiye yule wa kanda inayokwaruza?" Akahamishia benchi lake huku mjini. Na kila redio aliyoitengeneza tangu hapo aliipima kwa kanda ile ile, si kwa kupenda kujiumiza, bali kwa udadisi. Alijua mashine yake ilikuwa nzima. Alichotaka kujua ni kitu kimoja: kile kinachokwaruza ni nini?

Mwenye swali la namna hiyo ukimletea hedifoni inayosikia mtu akivuta pumzi, umemletea nini? Mimi nilidhani nimempelekea kazi. Kumbe nilikuwa nimempelekea shahidi.

Amplifaya ya kwanza aliijenga juu ya ubao, kwa zile taa za kioo za redio za zamani na transfoma mbili. Ilikuwa na ukubwa wa mzinga wa nyuki na joto la jiko; paka wa duka la mbao alihamia chini yake. Ile ya kila siku ilikuwa nakala; sasa akachukua kanda ya asili, ambayo aliifunga ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, akavaa hedifoni, akafumba macho. Nilikuwepo, nimekaa kwenye debe. Wimbo ulipoanza nikaona uso wake unabadilika pole pole, kama mtu aliyekuwa anaangalia watu kwa mbali na sasa mmoja anamfahamu. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akanivisha mimi. Jamani. Ule mkwaruzo haukuwa mkwaruzo. Vilikuwa vyuma vidogo vinagongana, kimoja kikubwa chenye sauti nzito na vingine vyembamba, na vililia kila kwaya ilipokaribia kuingia, kidogo kabla yao. Ubeti wa tatu, pale mama mmoja anapoimba peke yake na mwalimu husimama tuli, hamna kitu, kimya kabisa. Kwaya ikiingia, vinaanza tena.

"Funguo," akasema fundi. "Mwalimu ndiye mshika funguo za kanisa. Ziko kwenye mfuko wa koti. Akiinua mkono, zinalia."

Nilitaka twende siku hiyo hiyo, nami si mtu wa kwenda. Lakini mwalimu alikuwa mgonjwa wa mguu, hashuki mlimani, na nyumba yake ina umeme wa sola tu. Ukimwambia kwa maneno, alisema fundi, maneno ni maneno. Ukimpigia kwa spika, atasema spika ni mbovu, kama alivyosema mwanzo. Lazima asikie mwenyewe, ndani ya masikio yake. Ule mzinga wa nyuki haupandi kwenye pikipiki, na ukipanda haufiki mzima. Kwa hiyo ilibidi amplifaya iwe ndogo, ya kubebeka, ya kula betri ya volti kumi na mbili.

Hapo nikaona kazi. Kutengeneza kitu kikubwa, aliniambia, ni rahisi, kwa sababu kila kosa linapata mahali pa kukaa. Kidogo kinakudai ujue kila kitu kinalala wapi na nani jirani yake. Umeme wa volti mamia ukiuweka karibu na waya mwingine unaruka, unatoa cheche. Ukiuweka mbali, kisanduku kinakua. Transista zinazostahimili umeme huo alizitoa kwenye televisheni za chogo ambazo watu wamezitupa. Zinachemka, kwa hiyo akazibana kwenye vipande vya fremu za madirisha ya aluminiamu. Kati ya upande na upande akasimamisha kuta za plastiki alizokata kwenye ndoo. Transfoma ndogo ya kupandisha umeme wa betri aliisuka mwenyewe, mzunguko kwa mzunguko, akihesabu kwa sauti, nami nilipomsalimia katikati akapoteza hesabu akaanza upya. Sikuomba radhi ipasavyo. Mara tatu alikifunga kisanduku na mara tatu akakifungua: mara kinavuma, mara sikio la kushoto linazidi la kulia, mara cheche. Alipima mabamba kwa mita, huku na huku, mpaka pande zote mbili zikalingana. Alikuwa anatumia sindano na kibano, na mkono mmoja mfukoni. Mnajua ugumu wa kufunga skrubu ndogo kwa mkono mmoja? Nilijaribu nyumbani. Skrubu bado hatujaiona.

Kilipokamilika kilikuwa na ukubwa wa Biblia na kitabu cha nyimbo vikiwekwa pamoja. Tukapanda pikipiki mbili kutoka Maji ya Chai, yeye amekikumbatia kifuani, mimi nimekumbatia betri na redio ya kanda, na kujuta kuzaliwa. Mwalimu tulimkuta barazani kati ya migomba, mguu juu ya kigoda, koti lake limetundikwa nyuma ya kiti.

"Shikamoo, Mwalimu," tukasema.

"Marahaba." Akamtazama fundi muda mrefu. "Wewe bado unaharibu?"

"Bado, Mwalimu. Siku hizi naharibu vitu vidogo vidogo."

Mzee akacheka bila kutaka. Akaulizia kisanduku, akidhani tumeleta Neno. Fundi akamvisha hedifoni kwa mikono miwili, mara ya kwanza mimi kumwona akiitumia yote, akabonyeza. Mimi nilikuwa nimetayarisha macho yangu kuona mtu akishtuka. Hakushtuka. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe ukaanza kuongoza kwaya ile, watu ambao nusu yao wameshafariki. Kisha ukasimama hewani.

"Rudisha," akasema. Fundi akarudisha.

"Tena."

Mara ya tatu mkono ulirudi nyuma ya kiti, ukaingia kwenye mfuko wa lile koti, na sote watatu tukasikia: funguo. Kanisa lilishabadilisha makufuli zamani, lakini yeye alikuwa hajazitoa. Akautoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Akavua hedifoni, akazipangusa, akamrudishia fundi.

"Sauti ya pili," akasema, "wameingia mapema."

Hilo tu. Mkewe akaleta chai, tukanywa, tukazungumzia mvua.

Tulipofika barabarani kungoja gari, nilitegemea fundi atakuwa amevunjika moyo. Alikuwa anatabasamu kidogo. "Umeuona mkono wake?" akaniuliza. Nikasema nimeuona. "Amejua. Sihitaji aniombe radhi, ni mkubwa wangu. Ila waliomsikia siku ile wengi bado wapo, na hawa hawakuwa barazani leo. Wewe si unaandika gazetini? Andika. Jina lake usitaje, langu usitaje. Sema tu kwamba kanda haikuwa na kosa. Watu wa kwetu watajua."

Nikamwambia nitaandika, nikaongeza: "Ngoja kidogo tu, mzee asijisikie vibaya."

Hili sasa ndilo kosa la pili. Wiki ile nilingoja kwa adabu. Wiki iliyofuata nilikuwa na mafua. Kisha ikaja sikukuu, na sikukuu haitaki magomvi ya kanisani. Mkitazama safu zangu za miezi ile mtaona nimeandika kuhusu parachichi, nimeandika kuhusu mke wangu na king'amuzi, na kuhusu panya wa darini nimeandika mara mbili, sehemu ya kwanza na ya pili. Nilipopita kibarazani fundi alikuwa ananipungia mkono wa kulia. Hakuniuliza hata mara moja. Alikuwa mtu wa kungoja, nami nilimtumia vibaya kwa hilo. Akaugua siku nne, akaondoka.

Tulimpeleka kwao, juu ya Maji ya Chai. Jeneza likiwa bado juu ya kaburi, mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Mwalimu aliletwa akishikwa mikono na wanakwaya wawili. Hakutoa salamu ndefu. Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa funguo, akazitikisa mbele ya kipaza sauti. Zile spika za kukodi zikafanya vile vile: kwaru, kwaru, kwaru. Watu wakatazamana. Akina mama wawili watatu wa kwaya ile ya zamani wakajifunika mdomo kwa khanga.

"Mnaukumbuka?" akasema mwalimu. "Ulikuwa kwenye kanda yetu. Nilisema mbele yenu ni mashine ya huyu. Haikuwa mashine yake. Nilikuwa mimi." Akazitumbukiza mfukoni, akabadilisha mawazo, akazitoa tena akampa mchungaji, akarudi kuketi.

Nimekaa na jambo hilo siku kadhaa, nikiwa nyumbani kama kawaida yangu, kisanduku kiko mezani mbele yangu. Naona kwamba kila mmoja wetu ana kitu kinacholia mfukoni mwake, na kwa kuwa kinalia kila anapotembea, yeye ndiye wa mwisho kukisikia. Ule usemi wa nyani mnaujua, sitawachosha nao. Mwalimu alikuwa na sikio la kukamata sauti ya pili ikitangulia kwa kope moja, na hakusikia funguo zake. Mimi nilikuwa na jicho la kumcheka fundi kwa mkono wake, na sikuona mkono wangu uliokuwa haushiki kalamu. Na naona kwamba jina la mtu wa kazi ni kama ule utando: jepesi, linaning'inia, neno moja la mtu mwenye heshima linaliyumbisha miaka ishirini. Kwa hiyo niandike leo alivyoniagiza, bila kutaja jina: kanda haikuwa na kosa.

Nilitaka kuishia hapo, nikiwa nimeridhika na makala hii. Bahati mbaya nilimsomea jirani kwanza, maana miwani yake imevunjika. Alisikiliza yote akiwamwagia kuku pumba. Nilipomaliza alikung'uta ungo, akanitazama, akasema:

"Mwalimu ana nafuu, yeye alitikisa funguo jeneza halijashuka. Wewe umengoja mpaka udongo umekauka. Sasa hayo unamsomea nani?"